Mapatano ya Kisiwani na Kiu ya Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, tuanze.

Zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na ziwa dogo lililoitwa Mberere. Upande mmoja mafunjo, upande wa pili mawe na miiba. Ndani ya mafunjo ndimo samaki walimozalia, ndimo ndege walimotaga. Perege humo, kambare humo, vyura humo. Ziwa zima lilikula kutokana na mafunjo yale.

Mwaka mmoja wanyama wa nchi zote wakaitana kisiwani, mbali, ng'ambo ya bahari. Wanyama wa Mberere wakamtuma Korongo, kwa kuwa ndiye mwenye mabawa ya kufika. Wakazungumza, wakabishana, wakapatana: majira ya kuzaana yakifika, mazalia yasikanyagwe, popote duniani. Wakaapa, kila mmoja akarudi kwao.

Korongo akatua Mberere, pa, pa, pa. Akawaeleza wenzake mapatano, wakashangilia. Fisi-maji alishangilia kuliko wote, maana alikuwa na watoto wawili wachanga, na chakula chao kilikuwa samaki. Nyati na kundi lake hawakuwapo. Walikuwa malishoni, na hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Kiangazi kikaingia. Vijito vikakauka. Kundi la Nyati likashuka kunywa, likapita katikati ya mafunjo. Kacha, kacha, mafunjo yakalala. Pwata, pwata, tope likatibuka. Mayai yakapondeka. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa vivyo hivyo. Vifaranga vya samaki vikaelea, matumbo juu. Mtoto mdogo wa Fisi-maji akalala na njaa, akaamka na njaa, akalala tena, hakuamka.

Korongo akaona uchungu. Akaruka hadi kisiwani kushtaki. Kule wakamsikiliza, wakasikitika sana, wakayarudia mapatano kwa sauti kubwa zaidi. Lakini hapakuwa na hata mmoja wa kuja Mberere kusimama kwenye mafunjo. Korongo akarudi na maneno yaleyale aliyokuwa nayo.

Fisi-maji alikuwa amekwisha kumzika mwanawe. Hasira ilimjaa, ila alikuwa na mtoto mwingine wa kulisha. Akaenda kwa Nyati, Korongo nyuma yake.

"Mzee Nyati," akasema, "mnakanyaga mazalia. Mwanangu amekufa kwa njaa. Dunia nzima imekubaliana mazalia yasikanyagwe."

Nyati akainamisha pembe. Kisha akasema, "Pole, mama. La mwanao sikulijua. Lakini dunia nzima ilipokubaliana, nani aliniuliza ndama wangu watanywa wapi?"

Fisi-maji akamgeukia Korongo. Korongo akatikisa kichwa. Kule kisiwani swali hilo halikuulizwa.

Basi wakalizunguka ziwa pamoja, wote watatu, wakitafuta njia nyingine ya kushukia majini. Huku tope linameza, kule mawe yanateleza. Upande wa miiba wakaona mteremko mmoja tu ambao ndama angeweza kuushuka. Na chini ya mteremko huo ndipo palipokuwa na shimo la Fisi-maji. Humo alizaa, humo alimlaza mwanawe alipokuwa hai. Kundi likipita hapo, shimo litabomoka. Nyati akaliona, akageuka aondoke. Hakuweza kumwomba.

Fisi-maji akasema, "Piteni hapa. Nitachimba kwingine."

Korongo akamuuliza kama ana hakika.

"Sina," akasema. "Lakini piteni."

Akambeba mtoto kwa meno, akamhamisha. Nyati akaingiza pembe kwenye miiba, kwaru, kwaru, mpaka damu ikamtoka puani. Wenzake wakamsaidia, njia ikafunguka. Korongo akawa anasimama penye mafunjo kila kundi liliposhuka, na ndama akipotea njia, anamwita. Fisi-maji akachimba shimo jipya kwenye udongo mgumu, na halikuwa zuri kama la kwanza.

Mafunjo yakainuka polepole. Masika yaliyofuata perege wakajaa tena. Kambare walichelewa. Vyura wa manjano hawakurudi kabisa.

Kiangazi kingine, kundi geni la nyati likafika kutoka bonde la pili. Walikuwa na kiu, wakaelekea mafunjoni moja kwa moja. Korongo akaanza kuwaeleza mapatano ya kisiwani, wakampita. Ndipo Mzee Nyati akaja, akasimama mbele yao kwa upana wake wote.

"Humu hatupiti," akasema. "Kuna watoto wa watu. Maji ya kunywa yako huku, nifuateni."

Wakamfuata.

Basi, wakubwa kwa wadogo, nawaambia hivi: mapatano ya dunia ni mema, lakini hayalindi hata yai moja mpaka wenye kuishi pale waulizwe shida yao, nao wapeane nafasi.

Hadithi yangu naiachia hapo. Iliyobaki ni yenu.