Zamu ya Kumgeuza Bibi Nakiete

Sogeeni, wajukuu zangu. Anayepukuchua mahindi asiache, mikono haina masikio. Nikisema "Kisa!" itikieni "Kije tukione!"

Kisa!

Kije tukione!

Hapo kale, milima ya Upare ilipokuwa bado ikibishana nani mrefu, palikuwa na mwanamke akiitwa Namkunda. Habari ililetwa kwake na Nambike, muuza vyungu, aliyesimama mlangoni bila hata kuutua mzigo.

"Namkunda, nimepita kwenu, ng'ambo ya mlima. Mama yako macho yanamzimika. Vyungu vyangu amevipapasa tu. Amesema, mwambie mwanangu aje niuone uso wake, ningali naona."

"Nitakwenda," Namkunda akajibu. Lakini ataendaje? Ndani alilala mama mkwe wake, Bibi Nakiete, upande mmoja wa mwili umekufa. Kulipokucha, Namkunda alimgeuza, akamwosha, akamlisha. Jua la utosi, akamgeuza, akamwosha, akamlisha. Na jioni je, wanangu? Enhe! Akamgeuza, akamwosha, akamlisha. Mvua zilikuja zikaondoka, yeye yumo.

Msidhani majirani walikuwa wabaya. Walikuja! Walikaa kwenye vigoda, wakampa mgonjwa pole, wakamsifu Namkunda: "Una moyo wewe, mke wa Mbonea!" Namkunda akawapikia. Wakala, wakashukuru, wakaenda zao. Akabaki na mgonjwa, na vyungu vya kuosha juu yake.

Mbonea mumewe alipoambiwa habari ya safari, alikuna kichwa. "Nenda, lakini nitamwoshaje mama yangu mzazi?" Maana yake, usiende.

Sasa kijijini palikuwa na ndiva, bwawa la wote. Jioni hufungwa kwa udongo na majani ya mgomba, maji yajae. Asubuhi hufunguliwa, yashuke mferejini, kila nyumba kwa zamu yake. Siku ya kutoa tope lilipigwa baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Wanaume wachimbe, wanawake wabebe. Asiyefika, faini yake mbuzi.

Namkunda hakufika. Mzee Kadeghe, msimamizi wa ndiva, akaja na wenzake wawili.

"Hodi! Mke wa Mbonea, wanawake wote wamebeba tope, wewe hukuonekana. Tumefuata mbuzi."

Namkunda hakuwa msemaji. Sauti yake ilikuwa ya chini hata akiita kuku. Lakini siku ile aliyakumbuka yale macho yanayozimika.

"Mbuzi yule pale, Baba. Mchukueni. Ila kabla hamjaondoka, nisaidieni kumgeuza Mama."

Kadeghe akaingia, akashika bega, akavuta. Weee! Bibi Nakiete akamfokea:

"Kadeghe! Mimi ni gogo la daraja? Nilikubeba mgongoni ukiwa na kamasi mpaka kidevuni, leo unanikokota!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kadeghe jasho likamtoka.

"Kazi hii unafanya na nani?"

"Peke yangu."

"Kila siku?"

"Kila siku." Namkunda akainamisha kichwa. "Baba, ndiva isipofungwa jioni huwaje?"

"Haijai. Asubuhi unakuta tope."

"Mimi sijafungwa tangu Mama alipoanguka. Nimebaki tope."

Kadeghe akamtazama Namkunda, akamtazama mbuzi. Akamwacha mbuzi pale pale. Jioni baragumu likalia tena, watu wakatoka wakiulizana kulikoni.

"Kesho msaragambo ni kwa Bibi Nakiete!" akatangaza Kadeghe. "Tutapanga zamu kama za maji. Na atakayekwenda kupikiwa, atoe mbuzi!"

Mnafikiri yameisha? Bado! Nakiete akakataa katakata. "Mikono ya watu siitaki."

Namkunda hakubishana. Alimwita jirani yake Navoneiwa, akamwonyesha: bega hili linauma, usilivute, uji uwe vuguvugu, akikunja uso, ngoja kwanza. Navoneiwa akammwagia mgonjwa uji kidevuni. Lakini huku akimfuta, mdomo wake haukupumzika: nani kagombana na nani sokoni, jogoo wa nani kapatikana chunguni mwa nani. Nakiete akacheka hadi akakohoa.

"Namkunda, bado uko hapa? Nenda kwa mama yako! Wewe kila siku ni 'Mama, meza', 'Mama, geuka'. Hata mimi nimekuchoka, mwanangu." Kisha akamshika kwa ule mkono wake mzima, akambana. "Nenda. Urudi umejaa."

Namkunda akapanda mlima. Kileleni akageuka, moyo unamvuta nyuma. Akaona moshi unapanda kutoka nyumbani kwake, moshi wa moto uliowashwa na mtu mwingine. Akashuka ng'ambo.

Mama yake alikuwa kizingitini. Alimshika mashavu, akamsogeza karibu, karibu, karibu, mpaka pua zikagusana.

"Umekonda," akasema. "Lakini ndiye wewe. Nimekuona."

Wakalia, wakacheka. Kisha Namkunda akalala. Akalala, akalala, jua likampita, na hakuna aliyemwita.

Aliporudi alimkuta Nakiete ni safi, amesukwa nywele, anazozana na Navoneiwa kwa raha zake. Jikoni Mbonea anakoroga uji. Una madonge, lakini anakoroga.

Na kesho yake asubuhi Namkunda alifanya nini? Alimgeuza Mama, akamwosha, akamlisha. Zamu nyingine ilipoingia, akatelemka hadi nyumba ya mwisho ya kijiji, kwa Ruzi, mwenye mtoto asiyeweza kusimama. Kwa ajili yake baragumu halikuwahi kulia.

"Hodi, Ruzi. Nionyeshe anavyolala, nionyeshe anavyokula, kisha uende."

"Niende wapi?"

"Popote. Hata kulala. Leo ndiva yako naifunga mimi." Akavua kitambaa cha kichwani, akajifunga kiunoni, akampokea mtoto.

Basi, wajukuu zangu: mwenye kuuguza usimpe sifa tupu, mpe zamu.

Kisa nimekifunga hapa, kwa udongo na majani ya mgomba. Kikijaa, wafungulieni wenzenu.