Mkwe Aliyekagua Shimo

Kitu cha kwanza alichokiona Abigail katika nyumba aliyokuwa akiiuza Bwana Titus Were kilikuwa karai. Jikoni mlikuwa na sinki jeupe na mfereji wenye maji, lakini Risper, mkewe Titus, aliosha vyombo katika karai, akalibeba hadi nyuma ya nyumba na kuyamwaga maji kwenye majani ya napia. Alirudi akaosha vikombe, akatoka tena na karai lake. Abigail alikuwa msichana mwenye haya, aliyeacha shule katika darasa la sita, na hakuzoea kusema mbele ya watu. Walipofika barabarani ndipo alipomnong'oneza mamake.

"Mama, mbona hawatumii sinki?"

"Wewe unaona karai," Mama Navalayo akacheka. "Mimi naona mabati mapya na vyumba vya wapangaji."

Mama Navalayo alikuwa mjane. Baada ya vita vya kikabila vya mwaka wa tisini na mbili aliuza shamba lao la mahindi huko Lugari, maana moyo wake ulikataa kulala tena mahali alipoiona nyumba yake ikiteketea. Shamba hilo lilikuwa jasho la marehemu mumewe. Fedha zake zingetosha kununua nyumba moja tu mjini Kakamega. Akikosea nyumba hiyo, hakuwa na shamba jingine la kuuza.

Kwa hiyo, ingawa alicheka, neno la karai lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Rafiki yake wa kanisani alimshauri amwite Kiprop, afisa wa afya mstaafu, ambaye watu walimtumia kukagua matangi ya maji taka kabla ya kununua nyumba.

"Kiprop?" Mama Navalayo alikunja uso kama aliyelamba shubiri. "Baada ya yaliyonipata Lugari nimkabidhi Mkalenjin nyumba yangu? Acha, dada."

Titus, mtu mwenye ulimi wa asali, alimwondolea mzigo huo. "Mama, mtu wa mbali wa nini? Patroba si mkwe wako, na si fundi? Mwache akague yeye. Mkwe anaweza kumdanganya mama aliyemzalia mke?"

Maneno hayo yalimwingia Mama Navalayo. Patroba alikuwa mume wa Beverlyne, binti yake mkubwa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Titus alilijua na hakulitaja. Katika mila yao, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, na mambo ya choo hayatajwi kabisa kati yao. Mnunuzi mwingine angesimama kando ya shimo na kuchungulia kwa macho yake. Mama Navalayo hangeweza kufanya hivyo mbele ya Patroba.

Siku ya ukaguzi aliketi jikoni kwa Risper, leso kichwani, mgongo ameuelekeza dirishani. Huko nje sururu iligonga saruji. Kisha Titus na Patroba walisikika wakiongea kwa sauti za chini, na baadaye mwiko ukaanza kulainisha saruji. Abigail akatumwa.

"Shemeji," alisema akiangalia vidole vya miguu yake, "Mama anauliza kama... kama kule ni kuzuri."

"Kule wapi, shemeji? Sema choo, ulimi hautaoza!" Patroba alimtania, naye Titus akaangua kicheko. "Mwambie Mama alale usingizi. Wajukuu wake wataota ndevu kabla tangi hili halijajaa."

Jioni hiyo Mama Navalayo alimchinjia mkwe wake kuku. Ingokho huyo, kama wanavyomwita kuku kwao, alipelekwa na Abigail, firigisi ikiwa juu kama ilivyo heshima, pamoja na obusuma, ugali wa moto. Patroba alikula akalamba vidole. Nyumba ikanunuliwa.

Mvua ya masika ilipoanza, choo kilirudisha kila kilichopewa. Maji machafu yalipanda kupitia sakafu ya bafu, yakaingia vyumbani, yakatambaa hadi kwenye kisima cha uani. Wapangaji walihama kama kupe wanaomwacha ng'ombe aliyekufa. Watu wa afya waliifunga nyumba, na Mama Navalayo akalazwa kwa homa ya matumbo. Alitoka hospitalini amekonda kama ufito, nywele zikimtoka kwa vishungi.

Ndipo akakubali Kiprop aitwe. Mzee huyo alifungua mfuniko akasogea nyuma.

"Hili si tangi, mama. Ni shimo la matofali, na ukuta wake ulianguka zamani. Kiwanja kimejaa maji chini. Huwezi kuchimba jingine hapa." Akagusa saruji ya pembeni kwa kiatu. "Aliyeziba hapa juzijuzi aliyaona haya yote."

Beverlyne alikuja akilia. "Mama, Titus anajenga maduka huko Mayoni. Patroba ndiye msimamizi. Aliahidiwa kazi hiyo kabla hajakagua."

"Nyamaza," mamake akamwambia. "Usivunje nyumba yako kwa ajili ya nyumba yangu."

Beverlyne hangeweza hata kumkaribisha kwake, maana mama mkwe haishi katika nyumba ya mkwe wake. Mama Navalayo na Abigail walipanga chumba kimoja nyuma ya soko.

Huko ndiko Patroba alikowatembelea, akiwa na mkate na sukari. Alisimama nje ya mlango. Mama Navalayo alijifunika leso akageukia ukutani.

"Pole, Mama. Ni mvua tu. Mwaka huu imeharibu nyumba nyingi."

"Asante, mkwe wangu," sauti dhaifu ilijibu kutoka kitandani. "Mungu ndiye ajuaye."

Patroba akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Shemeji," akamgeukia Abigail akitabasamu, "hata kiti huniletei?"

Abigail hakuleta kiti. Safari hii alimtazama usoni.

"Mungu anajua, na wewe unajua. Mama hawezi kukuambia kwa sababu mila imemfunga mdomo, lakini mimi ni shemeji yako, mimi haijanifunga. Ulifungua, ukaona, ukaziba. Tulikupa ngozi yetu uiwambe kwa kuwa wewe ni wetu, nasi tukageuza migongo kwa heshima. Kumbe wetu au si wetu, shemeji, mwamba ngozi huvutia kwake."