Chumba Kilichomngoja Mgeni

Aliyemweleza Bupe kwanza habari ya chumba kile ni Mama Tulinagwe, mfagizi wa zamani wa chuo, siku alipomkabidhi funguo na kwenda zake kupumzika. "Vyumba vingine utafagia," alimwambia. "Hiki utapangusa tu. Usikalie kiti, usiguse nailoni. Kinamngoja mgeni." Bupe hakuwa mtu wa maswali. Alizifunga funguo kwenye pindo la khanga akaitikia.

Mwalimu mmoja alikuwa na chumba kizuri kuliko vyote katika chuo kikuu kile cha milimani, na chumba hicho hakikuwahi kufundishiwa hata siku moja. Mwalimu huyo aliitwa Daktari Mwasambili, naye aliwafundisha watu waliokuwa wakisomea ualimu. Kwa miaka minne aliandika barua za kukiomba. Alipokipata, meza zake zilikuwa za duara ili wanafunzi watazamane, viti vilikuwa na magurudumu, na juu palikuwa na dari nene iliyozuia kelele za mvua. Kulikuwa na kompyuta ishirini, na mbele ubao mweupe unaowaka kama televisheni. Vyote vilifika vimevikwa nailoni, na Daktari akaagiza isitolewe mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe. Mgeni alipanga tarehe, akaahirisha. Akapanga nyingine, akaahirisha tena. Miaka mitatu ikapita. Utepe mwekundu uliofungwa mlangoni ulipigwa na jua hadi ukapauka, na Bupe alikuwa akiinama kila asubuhi kupita chini yake na ndoo yake.

Wanafunzi walikiita Bi Harusi. "Dada Bupe, Bi Harusi kaamkaje leo?" walimtania. "Bado kajifunika?" Naye aliinamisha uso, akatabasamu, akapita.

Daktari aliendelea kufundishia ukumbi wa zamani, wa mabati matupu bila dari. Na huko milimani mvua haina likizo. Ikianza kupiga mabati, Daktari alipaza sauti, kisha akapaza zaidi, kisha akanyamaza na kukaa na chaki yake mkononi. Wanafunzi sitini nao walikaa wakimtazama. Hakuwa mwalimu mvivu. Alikuwa akikohoa kila jioni kwa sababu ya kupiga kelele.

Miongoni mwao alikuwamo Tumpe, ambaye sikio lake la kushoto halikusikia tangu utotoni. Alikwisha kuanguka mtihani wa Daktari mara mbili. Akianguka mara ya tatu, angeondolewa chuoni, na mtihani ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Kila siku alifika mapema, wakati Bupe bado anafagia, ili apate benchi la mbele na kulielekeza kwa mwalimu sikio lake zima. "Dada Bupe, niombee jua," alikuwa akisema. Bupe alimwombea kweli. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na mwanawe, Ipyana, alikuwa ameanza la kwanza mwaka ule. Alijua kwamba watu hawa wanaokaa kimya chini ya mabati ndio watakaosimama mbele ya watoto kama wake.

Nyumbani kwake Bupe alikuwa na kabati dogo, na ndani yake vikombe sita vya maua alivyopewa siku ya harusi, vimefunikwa kitambaa alichokishona kwa mkono wake. Ipyana alinywea kikombe cha plastiki kilichong'atwang'atwa mdomoni. "Mama, vile ni vya nani?" aliuliza siku moja. "Vya mgeni," Bupe alijibu, na neno hilo halikumsumbua.

Wiki moja mvua ilinyesha bila kupumzika. Bupe alipokuwa akipangusa Chumba cha Bi Harusi, alisikia harufu. Alisita, kisha akainua nailoni ya kiti kimoja. Chini yake kitambaa cha kiti kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Akainua nyingine, hali ni ile ile. Nailoni ilikuwa imeukamata unyevu ukakosa pa kutokea. Nyuma ya meza, panya walikuwa wametafuna waya. Bupe alirudisha nailoni kama ilivyokuwa, akafunga mlango. Siku mbili alikaa na jambo hilo moyoni. Mwenye funguo ni yeye. Nani angeamini kwamba hakuharibu yeye?

Siku ya tatu alikuwa akideki veranda ya ukumbi wa zamani mvua ilipoanza. Alimwona Tumpe akinyoosha shingo, akiitazama midomo ya mwalimu ili asome kwayo kile asichokisikia. Mvua ikazidi. Tumpe akafunga daftari lake polepole, jinsi mtu anavyofunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

Bupe akaweka ndoo chini. Aliingia ukumbini mbele ya macho ya watu sitini, akaenda hadi karibu kabisa na mwalimu ili asikike. "Shikamoo, mwalimu. Naomba uje uone."

Walivuka uwanja wakilowa. Daktari aliinua nailoni ya kwanza, akaugusa ule ukungu kwa kidole. Akainua ya pili. Hakumfokea. "Nilikuwa nakitunza," alisema, kama mtu anayejieleza kwa mama yake. "Miaka yote hii, mama, nilikuwa nakitunza."

Ndani ya chumba kile mvua ilisikika kwa mbali tu, na hata sauti ndogo ya Bupe ilitosha.

"Mwalimu, mgeni tunayemngoja ni nani?"

Daktari alitazama dirishani, ng'ambo ya uwanja, ambako wanafunzi sitini walikuwa wamekaa wakimsubiri. Kisha akatoka, akaushika utepe ili aufungue, nao ukakatika mkononi mwake kama uzi mbovu. Akapunga mkono kuwaita.

Walikuja mbio, madaftari vichwani, na tope lao lote. Bupe aliliona tope likienea kwenye sakafu aliyoipangusa miezi yote ile, na safari hii hakufikiria kudeki. Walirarua nailoni kwa vifijo. "Jamani, Bi Harusi kafunuliwa!" mmoja alipiga kelele, na Daktari mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Kompyuta tisa ziligoma kuwaka. Viti vingine havikukalika, waliovikosa wakakaa mezani. Ubao uliwaka, ukazima, ukawaka tena, na hapo ikajulikana kwamba Daktari hajui kuuandikia, kwa maana hajawahi kuugusa. Akamwomba mwanafunzi amwonyeshe. Mwanafunzi akamwonyesha, na mwalimu akafuata kidole chake kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ndipo akaanza kufundisha, kwa sauti ya kawaida ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia. "Wa nyuma kabisa," aliuliza, "mnanisikia?"

Aliyekuwa nyuma kabisa ni Tumpe. Alikuwa amekizungusha kiti chake cha magurudumu, sikio lake la kulia likaelekea kwa mwalimu. "Nakusikia, Daktari," alisema, akafungua daftari.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Bupe alifungua kabati lake dogo. Aliondoa kitambaa, akatoa kikombe kimoja cha maua, akakiosha vumbi la miaka saba, akakimiminia chai ya maziwa na kukiweka mbele ya Ipyana. Mtoto hakukigusa. Alimtazama mama yake, akatazama mlangoni.

"Mama, mgeni amefika?"

Bupe aliinama, akamjazia chai mpaka juu.