Kistari cha Nakijwa

Kaeni vizuri, maana hadithi hii imefika kwenu bila mwisho.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza alikuwa na mkono usiochoka kuandika. Wa pili alikuwa na akili iliyoweza kuifanya kompyuta iione mvua kabla haijanyesha. Wa tatu hakuwa na elimu kubwa, ila alikuwa na jicho lisilokubali kupita juu ya kitu lisichokielewa. Kati yao alisimama mtu wa nne, Elieskia Mrutu, mwalimu mstaafu wa takwimu, aliyeachiwa kuamua nani apewe fungu la fedha lililokuwa moja tu. Huyo Elieskia alikuwa mume wa yule wa kwanza.

Mwenye mkono aliitwa Nakijwa. Uani kwake, juu mlimani upande wa Upare, kilisimama kipima mvua: mkebe wa bati uliozamishwa nusu ardhini. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alimimina maji ya mkebe kwenye chupa yenye alama, akainamisha kichwa mpaka jicho lilingane na maji, akaandika milimita kwenye daftari. Alifanya hivyo miaka thelathini na moja. Aliandika akiwa na mimba, aliandika akiwa na homa, na siku alipomzika mama yake aliandika kwanza ndipo akafunga kanga.

Jumamosi tu ndiyo hakuandika. Nakijwa alikuwa Msabato, na Sabato hakugusa kazi. Jumapili alikuta mkebeni mvua ya siku mbili, basi aliacha nafasi ya Jumamosi tupu, akaandika jumla kwenye Jumapili, kisha akachora kistari cha kupinda kuzifunga siku hizo mbili pamoja.

"Mungu atakasirikia milimita tatu?" Elieskia alimtania mara moja.

"Mungu hana shida. Ni mimi ninayepumzika. Wewe bingwa wa takwimu si upo? Toka ukapime basi, tuone kama unajua kulowa."

Elieskia alicheka. Hakutoka.

Mwenye akili aliitwa Daktari Badru Hamdani. Alikuja kutoka chuo kikuu cha pwani na ruzuku ya utafiti. Aliwaeleza watu kwamba kompyuta kubwa za dunia huigawa nchi kwa miraba, na kwamba mraba mmoja ulikuwa umeumeza mlima wao wote pamoja na bonde lake, kana kwamba vyote ni uwanja wa mpira. Yeye alitaka kuikata miraba hiyo iwe midogo, ili bonde la Ighanda, kule chini mtoni, lipate utabiri wake lenyewe. Lakini kompyuta haijui mvua ya mahali mpaka ifundishwe mvua iliyokwisha kunyesha hapo.

"Mama, daftari hizi ni dhahabu," alimwambia Nakijwa, akila ugali wake.

"Dhahabu gani, mwanangu, hata panya wameikataa?"

Daftari zikapelekwa mjini, zikaingizwa kwenye kompyuta na vibarua walioajiriwa kwa mwezi mmoja. Walichapa namba. Kistari cha kupinda hakikuwa na kitufe chake, kwa hiyo hawakukichapa. Na nafasi tupu ya Jumamosi, kompyuta iliisoma kuwa sifuri.

Badru alifanya kazi miaka miwili. Alikosa harusi ya mdogo wake, macho yakaharibika, akaanza kuvaa miwani. Modeli, yaani ile programu ya kutabiri mvua, ikakamilika. Ilikuwa imejifunza kila kitu ilichofundishwa, ikiwamo kwamba Jumamosi mlimani hakunyeshi, na kwamba Jumapili hunyesha maradufu. Mafuriko makubwa ya zamani mengi yalikuwa yametokea mwisho wa wiki, na hapo namba zilikuwa za siku mbili. Kwa hiyo modeli ikaamini kwamba mto hauvunji kingo mpaka inyeshe milimita tisini kwa siku moja.

Masika ya kwanza, ujumbe ulifika kwenye simu za watu wa bonde: mvua ya milimita sitini inatarajiwa, mto utabaki ndani ya kingo zake. Nakijwa alikuwa Ighanda siku hiyo, akimsaidia dada yake kuvuna mpunga. Jirani alimwita kutoka juu ya tuta.

"Mama, panda huku! Mto unanguruma!"

"Uache ungurume. Namba ni zangu mwenyewe, zinasema utatulia."

Zilinyesha milimita sitini na moja. Mto ulivunja kingo kabla ya adhuhuri na kuchukua watu wanne. Nakijwa alipatikana wa mwisho, siku ya tatu.

Mwenye jicho aliitwa Nyamizi, karani wa ghala la kumbukumbu pale wilayani. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzipokea daftari kutoka mjini na kuzirudisha kwenye maboksi, basi. Lakini alipofungua moja kufuta vumbi aliona kile kistari. Akafungua nyingine, akakiona tena. Alikaa wiki nzima akihesabu Jumapili kwa ncha ya penseli, mkubwa wake akimwuliza kama maboksi yamegeuka riwaya. Mwezi wa pili baada ya maziko alipanda mlima kwa miguu.

"Baba, pole na msiba. Nimekuja na swali la kijinga."

"Uliza."

"Hiki kistari ni cha nini?"

"Ni Sabato," Elieskia alijibu mara moja, kama mtu anayetaja siku.

Kisha akatambua alichokisema. Akavuta kigoda, akaketi, na Nyamizi akasimama mlangoni bila kujua aingie au aondoke.

Badru aliposikia alirudi mlimani. Hakutafuta maneno mazuri.

"Mzee, mimi ndiye niliyeziruhusu zile sifuri kupita. Niliona Jumamosi ni kavu, nikadhani ni bahati ya namba. Sikumwuliza mtu."

"Nami nilikiona kistari miaka thelathini na moja," Elieskia alisema. "Ulikula hapa, ukalala hapa. Sikukwambia. Nilidhani ni mambo ya dini yake."

Badru aliifumua modeli na kuifundisha upya, akizigawa mvua za Jumapili kwa siku zake mbili. Kikomo cha mto kikashuka kutoka tisini mpaka hamsini na tano. Masika yaliyofuata ujumbe ulitangulia kwa siku moja: mto utavunja kingo, ondokeni. Kaya sitini na mbili ziliondoka zikilalamika, zikiburuta magodoro kwenye tope. Mto ulivunja kingo. Ulibeba nyumba, mpunga na shule. Mtu haukubeba hata mmoja.

Hapo ndipo barua ilipokuja. Wafadhili walishukuru, wakasifu, kisha wakaeleza kwamba fungu limepunguzwa. Ruzuku ya miaka mitatu ingetolewa kwa kazi moja tu kati ya tatu, yaani modeli, daftari za ghalani au upimaji wa mvua mlimani, na kamati ya bonde itaje ni ipi. Kazi zisizotajwa zingefungwa.

Badru alisema, "Nisipopata ruzuku, kompyuta ninayoitumia atapewa mwingine. Modeli isiyoendeshwa haitoi utabiri. Masika yajayo simu za watu wa Ighanda zitakuwa kimya."

Nyamizi alisema, "Ghalani kuna magunia ya daftari za vituo vingine kumi na viwili, na mchwa wameshaanza kula. Kila mwandishi alikuwa na alama zake. Mmoja anachora duara, mmoja anaweka nukta nyekundu. Waandishi wengine wako hai bado, lakini ni wazee. Wasipoulizwa sasa, mabonde mengine kumi na mawili yatapewa utabiri kama ule wa kwanza."

Nakijwa hakuwepo kusema. Mkebe wake tu ndio uliokuwepo uani, na sasa Elieskia ndiye aliyeupima, kwa magoti yasiyokunjika vizuri. Alijua bila kuambiwa kwamba modeli isiyoletewa mvua mpya hupotoka mwaka hadi mwaka, na kwamba fungu lisipokuja kumlipa mtu wa kumrithi, mfululizo wa mkewe utakatika siku atakayoshindwa yeye kuinama.

Kamati ilibishana siku mbili, ikashindwa. Mwishowe mjumbe mmoja akamgeukia Elieskia.

"Mwalimu, amua wewe. Ukimpa daktari, tutasema umemsamehe haraka mno. Ukimpa karani, tutasema umemsahau mkeo. Ukimpa mkeo, tutasema umependelea. Bora tukuseme wewe kuliko tusemane sisi."

Walicheka kidogo. Elieskia alichukua fomu akaenda nayo nyumbani.

Jibu lilitakiwa Jumapili saa sita mchana. Saa tatu kamili Elieskia alitoka uani. Jana hakupima. Dini ya mkewe hakuwahi kuishika, na Badru alikwisha kumwomba, kwa heshima, apime siku zote saba. Alikuwa amejibu kwamba atafikiri. Aliinama polepole, akamimina maji, akalinganisha jicho. Milimita arobaini na moja, mvua ya siku mbili. Akaandika. Akachora kistari cha kupinda kati ya Jumamosi na Jumapili. Cha mkewe kilikuwa laini kama ukucha, chake kilitetemeka.

Kisha akaketi mezani, mbele ya fomu yenye nafasi moja tupu.

Bila mkono wa Nakijwa, kompyuta isingekuwa na cha kujifunza. Bila akili ya Badru, daftari zingebaki karatasi za kufungia maandazi. Bila jicho la Nyamizi, mto ungerudi kuchukua watu wengine huku simu zikiwaambia watulie. Na kosa lililoua lilipita mikononi mwa wawili hao wa kwanza, mbele ya macho ya yule anayetakiwa kuamua.

Sasa kalamu nawaachia nyinyi. Saa sita inakaribia, na nafasi ni moja. Mngeandika jina la nani?