Picha Elfu Nne na Kicheko Kimoja

Hapo zamani, si ile zamani ya majitu na wanyama wanaosema, bali zamani hii ya juzi ambapo mtu hupiga picha elfu akatazama moja, aliishi katika milima ya Upare mjane aitwaye Bi Nakijwa. Mumewe, Mzee Kajiru, alikuwa amefariki, na siku ya kuweka msalaba kaburini ilikuwa imebaki wiki moja. Ikatakiwa picha ya kubandika msalabani.

Picha zikatolewa. Ya kwanza, Mzee kanuna. Ya pili, kanuna. Ya harusi yake mwenyewe, kanuna kama mtu aliyetafuna ndulele. Watu wakasema, "Basi tukuze ile ya kitambulisho."

"Mimi sikuolewa na kitambulisho," akasema Bi Nakijwa. "Mume wangu alicheka. Alicheka mara moja, nyuma ya jiko, siku ya harusi ya binti yetu wa mwisho, ng'ombe wetu Shukrani alipokula kofia ya mkwe. Na kamera ililia kacha! Nilisikia kwa masikio yangu."

Watu wakatazamana. Kijiji kizima hakuna aliyewahi kumwona Mzee Kajiru akicheka. Wakamwambia kwa upole, "Ni majonzi, mama. Majonzi humwonesha mtu mengi."

Neno hilo likamchoma. Kufiwa ni kufiwa, lakini kuambiwa kicheko cha mumeo umekiota! Akaingia ndani, akatoka na koti la Mzee, koti zito la sufu ambalo baridi ya mwezi wa saba ikiliona hugeuza njia. Akasema, "Atakayenitolea kicheko kile, koti hili ni lake."

Wajukuu watatu wakasimama.

Eliapenda, mpiga chapa wa ofisi ya kata, akasema, "Bibi, kadi ya kamera ya babu ililowa mchuzi, haisomeki. Tupakue programu iitwayo Chota. Chota huvuta picha hata kwenye kadi iliyokufa."

Nikundiwe, mtunza maktaba, akasema, "Ukivuta bila kupanga, Bibi, umeleta gunia la kunde na mawe. Tupakue Panga. Panga inatambua sura za watu na kuziweka kila moja kwenye folda yake."

Mrindoko, anayesafisha picha za harusi mjini, akasema, "Picha mbaya hata ukiipanga ni mbaya. Tupakue Pamba. Mimi na Pamba tumeshawaondolea vitambi mabwana harusi hamsini."

Tatizo lilikuwa kompyuta. Kompyuta ya nyumba ile ilikuwa kuukuu, ina nafasi ya programu moja tu. Ukiingiza ya pili, inaganda kama ugali wa jana. Wajukuu wakabishana asubuhi nzima: Chota! Panga! Pamba! Hadi Bi Nakijwa akapiga meza.

"Mtaingia kwa zamu, kama wagonjwa kwa daktari. Mmoja akimaliza, atoke na programu yake."

Akaingia Eliapenda na Chota. Chota ikavuta siku mbili, ikivuta na kupumzika. Picha elfu nne zikatoka salama. Ila kila picha ilitoka mara tatu, kwa hiyo zikawa elfu kumi na mbili. Eliapenda akafuta Chota, akatoka.

Akaingia Nikundiwe na Panga. Panga ikafuta marudio, ikatazama sura, ikapanga. Nikundiwe akafungua kwa madaha folda iliyoandikwa "Babu". Mlikuwa na picha mia tisa, zote za ng'ombe Shukrani. Shukrani anakula. Shukrani kalala. Shukrani kageuka nyuma kama kaitwa.

Nikundiwe akatamani ardhi immeze. Bi Nakijwa akamwambia, "Usilie, mjukuu wangu. Fungua basi ile ya ng'ombe."

Wakafungua folda ya "Ng'ombe". Ndani mlikuwa na picha moja tu. Mtu kafungua kinywa namna ile ambayo Panga iliona hawezi kuwa binadamu. Lakini picha ilikuwa na giza, na nusu ya uso ilifunikwa na kidole gumba cha mpiga picha, kikubwa kama muhogo.

Bi Nakijwa akaziba mdomo kwa mkono. "Ni yeye," akasema.

Nikundiwe akafuta Panga. Akaingia Mrindoko na Pamba. Akaondoa giza. Akaondoa kidole. Palipokuwa na kidole, Pamba ikajaza uso, na ikajaza kwa ukarimu: Mzee Kajiru akatokea na meno thelathini na mawili, meupe kama mahindi mabichi.

"Huyu nani?" akauliza Bi Nakijwa. "Mume wangu alikuwa na meno manne."

"Bibi, yanapendeza."

"Toa."

Mrindoko akatoa jino. "Toa." Akatoa jingine. "Toa. Toa. Hilo rudisha, aling'oa mwaka uliofuata. Shavu liingie ndani kidogo. Jicho alifumbe. Si hivyo, kama amepigwa na moshi. Haya. Hapo simama."

Akasimama. Bi Nakijwa naye akacheka, machozi yakimtoka. Kijiji kikaja kutazama. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, hadi mchungaji akashika ubavu. Hakuna aliyetaja majonzi tena.

Msalaba ukawekwa, picha ikabandikwa. Ndipo ugomvi wa koti ukaanza.

Eliapenda akasema, "Bila Chota, kicheko kingebaki kwenye mchuzi."

Nikundiwe akasema, "Uliwaletea watu picha elfu kumi na mbili. Nani angetafuta? Panga ndiyo iliyokitenga peke yake."

"Ilikitenga kwa kudhani babu ni ng'ombe! Hiyo ni bahati, si kazi," akasema Mrindoko. "Kicheko mnachokiona nimekiweka mimi."

"Wewe? Nusu ya uso ule umeibuni," akajibu Eliapenda. "Uliongozwa na Bibi jino kwa jino."

Wakati huohuo jirani, Mzee Mbonea, akapenya katikati ya watu, kainua kidole gumba kikubwa kama muhogo. "Na mimi je? Siku ile nilishika kamera. Kweli, nilikuwa namlenga ng'ombe. Lakini bila kidole hiki msingekuwa na picha."

"Bila kidole hicho," akafoka Mrindoko, "nisingekuwa na kazi!"

Bi Nakijwa akawatazama wote wanne. Kisha akalivaa koti mwenyewe, akafunga vifungo hadi shingoni. "Baridi imeingia," akasema. "Mkishaamua, mnibishie hodi."

Hadi leo hajabishiwa.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, msinitazame mimi. Aliyekivuta, aliyekitenga, aliyekisafisha, aliyekipiga bila kujua, au yule aliyekibeba kichwani miaka yote hiyo: Je, koti lile nani alistahili kuvikwa?