Bi Kindi na Sharti la Dawa

Mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Basi namwaga.
Mwaga!

Alikuwepo Bi Kindi, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Aliishi juu ya mkuyu, na ndani ya shimo lake aliweka kisanduku cha dawa ndogondogo: vidonge vya homa, chupa ya dawa ya watoto, basi. Wanyama walimheshimu, maana hakumpa mtu dawa kwa kubahatisha.

Asubuhi moja mwanawe, Sikudhani, akaamka anachemka homa. Bi Kindi akaitikisa chupa, akamimina kwa kipimo chake. Kabla mtoto hajanywa, mara kwaru! kwaru! kwaru! Chui anapanda, mafua yamemjaa.

"Chyaa! Bi Kindi, nipe dawa!"

"Nitakupa yako, Mzee Chui. Hii ya mtoto."

"Chyaa! Nataka yote! Mwili mkubwa, dawa kubwa!"

Nyaku! Akabeba kisanduku, chupa, na kipimo. Akamwaga vidonge vyote kiganjani, akaachama.

Moyo wa Bi Kindi, du! du! du! Kumpiga hawezi. Kumfukuza hawezi. Akatabasamu.

"Meza tu, mzee. Ila sharti lake unalijua?"

"Sharti gani?"

"Dawa hii haipatani na nyama."

"Nisile nyama leo?"

"Leo, kesho, na maisha. Utakula majani."

"Na mchuzi?"

"Hata mchuzi."

"Nikinusa tu?"

"Ukinusa tu, meno yanadondoka. Po! po! po!"

Chui akatazama tawi la chini, alikomning'iniza swala wake mnono. Mate yakamtoka, chururu!

"Shika dawa zako!" akafoka. "Chyaa! Bora mafua!"

Sikudhani akanywa dawa yake. Jua lilipopinda, homa ikashuka, akaanza kuomba karanga.

Na Chui? Bi Kindi alimwita kutoka juu: "Mzee, kunywa maji ya uvuguvugu, ulale!" Akanywa, akalala, mafua yakaondoka yenyewe. Mpaka leo hajui kwamba vile vidonge, angevimeza vyote, vingemuua. Bi Kindi alijua. Siku ile aliokoa wawili.

Sasa funzo, wanangu: kudanganya watu habari za dawa ni vibaya mno. Mtazameni Bi Kindi. Alidanganya, mtoto akapona, Chui akapona, mkuyu mzima ukatulia. Mmeuona ubaya wa uongo?
Tumeuona!
Basi ngano imekwisha. Mwongo atangulie kulala.
Tangulia wewe, bibi!