Kidari cha Mbuzi wa Kwengoma

Sogeeni karibu. Mwenye uji aumalize sasa, maana nikianza sitamngoja anayepuliza. Nami nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mwishoni mtaniamulia jambo ambalo mimi limenishinda.

Walikuwapo vijana watatu wa milima ya Usambara waliokuwa wakiruka kwa mabawa. Si mabawa ya uchawi, msianze kunong'onezana. Ni kitambaa kigumu kilichotandwa juu ya mabomba mepesi. Mrukaji huvaa mikanda mwili mzima, akajitundika chini ya bawa kwa kulabu moja ya chuma mgongoni, akakimbia hadi ukingo wa genge, na upepo ukamchukua. Kila mwisho wa wiki usio na mvua walipanda mpaka mwamba wa Kwengoma, wakaruka, wakatua kwenye uwanja ulio chini, kando ya mashamba ya mkonge.

Kilua alijaliwa macho. Alimwona mwewe kabla kuku hawajamwona. Ila alikuwa na kigugumizi kikali, na kwa kuogopa kuchekwa alizoea kunyamaza hata penye la kusema.

Nyange alijaliwa mikono. Bawa lake aliliunda mwenyewe kwa miaka mitatu, bomba moja leo, kipande cha kitambaa mwezi ujao. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata kwa kidole.

Mama Sikudhani hakuwa kijana wala mrukaji. Alikuwa mkulima wa kabichi, na yeye alijaliwa haya. Hajapata kusikika akicheka barabarani, wala kuonekana kichwa wazi. Wanawake wa kijiji chake walipotaka kumkanya binti aliyezidi, walimtajia jina la mama huyo tu, ikatosha.

Na Hoza? Hoza alijaliwa mbio na kujiamini. Ndiye aliyewafundisha wenzake kuruka. Hadithi hii ni yake, na laiti ingekuwa ya mtu mwingine angeifurahia sana.

Hoza alikuwa amemposa Sikudhani, binti wa mama huyo. Barua imepokewa, wajomba wameridhika, limebaki neno la mama. Mama akasema, "Mwanangu sitampa mtu anayejitupa gengeni kabla sijaona kwa macho yangu anajitupaje." Basi Jumapili moja wakampandisha mlimani. Yeye alikaa mbele na dereva, vijana wakakaa nyuma ya gari pamoja na mabawa. Sikudhani alibaki uwanjani chini, akitayarisha moto wa kuchomea mbuzi wa warukaji.

Sasa jueni kwamba katika ukoo ule mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali. Hampi mkono. Hali naye sahani moja. Na kulala mbele yake, hata kwa ugonjwa, ni jambo lisilosemeka. Hoza aliyashika hayo yote kwa bidii ya mtu anayesubiri jibu.

Lakini mlimani nako kulikuwa na kanuni, na aliyeiweka ni Hoza huyohuyo. Kabla ya kuruka, mtu alale kwanza. Mwenzake hushika pua ya bawa, ile ncha ya mbele, naye mrukaji hujilaza kwenye mikanda yake ili ionekane kama kulabu imeshika. Ni kazi fupi kuliko kufunga kamba za viatu. Tatizo ni kwamba anayelala hulala kifudifudi, makalio juu, miguu ikibembea kama mbuzi anayepimwa kwenye mizani.

Saa nne asubuhi Hoza alikuwa amekwisha kujitundika, ndipo akakumbuka hajamwamkia mama tangu wafike juu. Akajifungua kulabu, akaenda, akachutama mbali kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Upepo huu si mkali?"

"Huu ni wa kawaida, mama. Usiwe na wasiwasi."

Akarudi mbio mbio, akaingia chini ya bawa, akalibeba mabegani. Nyange akaja kushika pua.

"Lala nikutazame."

Hoza akageuza shingo. Mama Sikudhani alikuwa ameketi juu ya jiwe hatua kumi tu kutoka pale, mkoba mapajani, macho kwao.

"Nimeshajitazama," akasema kwa sauti ya chini.

"Kanuni umetufundisha wewe."

"Nyange, nitalalaje pale mbele ya mama? Nenda ukashike bawa lako, upepo usije ukalichukua."

Alikuwa hajajitazama. Ule ulikuwa uongo, tena mdogo, wa kulinda heshima tu. Nyange akainua mabega, akaenda zake. Hoza akapiga moyo konde, akaanza kukimbia, na kulabu ikawa inapigapiga nyuma yake bila kushika kitu.

Aliyeiona ni Kilua. Alikuwa amesimama pembeni akitazama upepo. Alijua neno lile halitatoka zima, na alijua mama mgeni yupo anasikia. Akalitoa hivyohivyo, kwa nguvu zote, "Ku-ku-ku-kulabu!" Dereva wa gari akaangua kicheko, akidhani kijana anaigiza jogoo. Lakini Hoza alisikia, na katika hatua ya tano akaelewa. Kama asingesikia, angefika ukingoni kwa mbio kamili na kuruka akiwa ameshikilia bomba kwa vidole. Akakaza miguu. Akateleza, akageuka, akaangukia kifua ukingoni mwa mwamba, miguu ikining'inia gengeni, mkono mmoja umeng'ang'ania bawa ambalo upepo ulikuwa tayari unalivuta nje.

Nyange alikuwa amelishika bawa lake kwa mikono miwili. Hakuwa na wa tatu. Alitazama mara moja tu, akaliachia, akajitupa juu ya bawa la Hoza na kulikandamiza chini kwa mwili wake wote. Bila uzito ule, Hoza angeburutwa na kwenda nalo. Nyuma ya Nyange bawa la miaka mitatu likainuka taratibu, likapinduka, likaporomoka gengeni. Wote walisikia mabomba yakivunjika kule chini, moja baada ya jingine.

Bado Hoza alikuwa akiteleza, maana Nyange hakuwa na mkono wa kumshika, na Kilua alikuwa mbali. Mama Sikudhani akaacha mkoba, akaja, akalala kifudifudi juu ya mwamba mbele ya mkwe wake, akanyoosha mkono.

"Shika."

Hapa ndipo Hoza mpaka leo hapendi kufika akikumbuka. Kifo kilikuwa kimemkamata miguu, naye akasita. Akautazama mkono wa mama mkwe, akasita. Mama hakungoja. Akapitisha mkono juu ya mgongo wake, akakamata mikanda ya makalioni pamoja na suruali, akavuta kama mtu anayemtoa ndama shimoni. Suruali ikapasuka kutoka kiunoni hadi gotini. Kilemba cha mama kikapeperuka, nywele zake za mvi zikabaki wazi. Hoza akaja juu, yu hai, uso wake umezama kwenye bega la mwanamke ambaye hakutakiwa kumgusa hata ncha ya kidole.

Mama alisimama, akafungua kanga yake ya juu, akamfunika Hoza kiunoni bila kumtazama, akarudi kwenye jiwe lake na kukaa akiwa amefunika kichwa kwa mikono miwili. Hoza alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka kwamba ardhi ilikuwa imejaribu dakika moja iliyopita, nao wakaizuia.

Wakashuka kwa gari. Kule chini kulikuwa na Sikudhani, wenye uwanja, na majirani kadhaa waliozoea kuja siku ya mbuzi. Na siku ya mbuzi wa Kwengoma ina desturi yake. Aliyeokolewa mlimani huchukua kidari kizima, hakikatwi wala hakigawanywi, akampelekea aliyemwokoa, mkono kwa mkono. Kisha husema mbele ya walaji wote aliokolewa na nini, na ilikuwaje.

Wakampa Hoza sahani. Alikuwa bado amevaa kanga ya mama mkwe.

"Lakini mbona umevaa kanga ya mama?" Sikudhani akauliza.

Nyange akamsogelea Hoza sikioni. "Ukitaka, sema kulabu ilifyatuka yenyewe. Sisi hatutakuumbua." Kilua akatikisa kichwa kukubali. Wema huo ulimchoma Hoza kuliko tusi. Wenye kupoteza walikuwa wao, na bado walikuwa wakimfunika.

Akasimama na sahani, akili ikimzunguka. Kama si kelele za Kilua, mikono ya wale wawili ingewahi nini? Lakini akimpa Kilua, atalazimika kueleza ile sauti, na dereva yupo pale, ameshaanza kutabasamu. Kama si Nyange, kelele zingesaidia nini? Lakini ni nyama ya kiasi gani inayolipa bawa lililovunjika, na si ingekuwa kama kumkejeli? Na kama si mama, wale wawili wangeshika bawa tupu. Lakini kumpa mama ni kumwekea sahani mkononi, kisha kutangaza mbele ya binti yake na majirani kwamba Mama Sikudhani alilala chini kichwa wazi na kumshika mkwe wake pale alipomshika. Hiyo itakuwa shukrani, au atakuwa anamvua nguo mara ya pili? Na akimpita, akawapa vijana, si atakuwa amesema kwamba haya aliyoitupa mama haina uzito?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hoza aliijua methali hiyo, na haikumpunguzia hata jasho.

"Hoza," Sikudhani akasema, "kidari kinapoa."

Akainua macho. Mama Sikudhani, ambaye tangu mlimani hakuwa amemtazama, sasa alikuwa anamtazama usoni moja kwa moja. Hoza hakujua kama macho yale yanamwambia sema au yanamwambia nyamaza. Akafungua mdomo.

Mimi nimewafikisha hapo, na hapo ndipo ninapokwama kila mara. Mmoja alitoa sauti yake, mmoja akatoa kazi ya mikono yake, mmoja akatoa haya yake, na hakuna ambaye angefaa bila wenzake. Sahani ni moja. Je, ungekuwa wewe umesimama pale na kanga ya mama mkwe kiunoni, ungempelekea nani kidari, na ungesema nini mbele yao?